Choo cha Pete za Zege Bondeni Bahi: Tathmini Baada ya Mvua na Kiangazi

Choo ninachokitathmini hapa kilijengwa nyumbani kwa wazazi wangu, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi, mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 2023, na kikundi cha mafundi ambao karakana yao iko kando ya barabara itokayo Dodoma kwenda Manyoni. Kimekwishapita katika mvua za El Niño za msimu wa 2023 hadi 2024, kikapita pia katika miezi mikavu iliyofuata, ambapo maji ya bomba yalitoka kwa kusuasua na kila dumu lilifikiriwa mara mbili kabla ya kumiminwa. Nilisubiri kwa makusudi misimu yote miwili ipite, kwa kuwa katika Mkoa wa Dodoma choo kinachosifiwa mwezi wa nane kinaweza kuwa shimo lililofurika mwezi wa kwanza, na kile kilichovuka mvua salama kinaweza kuwa kero mwezi wa kumi kwa kukosa maji. Jina la kikundi sitaliandika. Vikundi vya aina hii ni vingi, na ningependa msomaji apate vigezo vya kumpimia fundi yeyote atakayemwita nyumbani kwake.

Kinachouzwa ni huduma nzima. Mafundi huchimba shimo, hulijengea kwa pete za zege wanazozifyatua wenyewe karakanani, huinua msingi juu ya usawa wa ardhi, hufunika kwa bamba la zege lenye nondo, hupachika sinki la plastiki la kuchuchumaa lenye kifuniko kinachojifunga chenyewe, kisha husimamisha kuta za tofali za kuchoma, paa la bati, mlango na bomba la hewa. Mteja asiye na uwezo wa kuchukua yote anaruhusiwa kununua pete na bamba tu, akajijengea kuta kwa fito na udongo. Sisi tulichukua huduma yote.

Ili kuelewa kwa nini nautukuza msingi ulioinuliwa kuliko sehemu nyingine, inafaa kukumbuka kwamba Bahi ni bonde. Mto Bubu unashuka kutoka kaskazini na kuishia huku, kwenye mbuga na kinamasi cha Sulunga, ambako maji hutuama mpaka jua liyakaushe. Mkoa wa Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki karibu haina tone. Kiasi hicho si kikubwa, ila hakiji kwa utaratibu. Mvua inaweza kukatika wiki kadhaa mwezi wa pili, mtama ukanyauka, kisha ikarudi kwa siku chache kwa nguvu ambayo ardhi iliyokauka haiwezi kuinywa. Hewa inapopata joto huweza kubeba mvuke zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na ndiyo maana dunia inavyozidi kupata joto mvua zikinyesha huelekea kunyesha kwa nguvu zaidi, na vipindi vya ukavu katikati yake hukausha udongo haraka zaidi. Si haki kuyabebesha mabadiliko ya tabianchi kila mafuriko. El Niño ni jambo la kale, na bonde hili limefurika tangu enzi za mababu. Lakini vyoo vyetu vya zamani vilijengwa kwa kutegemea kwamba mwaka mbaya utakuja mara moja, utapita, na watu watapata miaka ya kujipanga upya. Nafasi hiyo ya kujipanga ndiyo inayopungua.

Choo cha kawaida cha Ugogo ni shimo lililofunikwa kwa magogo, juu yake matawi na udongo wa kichuguu uliopondwa, na ua wa fito au mabua usio na paa. Kikitengenezwa vizuri kinasitiri watu kwa miaka kadhaa. Adui zake ni wawili, mchwa na maji, nao hufanya kazi kwa zamu: kiangazi mchwa anakula magogo kimyakimya, masika maji yanalainisha udongo, na siku moja sakafu inatitia. Wakati mwingine mtu yumo ndani. Hata kama hakuna aliyeumia, familia iliyopoteza choo mwezi wa pili haiwezi kuchimba kingine papo hapo, kwa kuwa shimo linajaa maji kabla halijafika kiunoni. Mvua zikiisha kuna mavuno, na mavuno yakiisha ardhi imekuwa ngumu kiasi kwamba sururu inadunda. Kwa hiyo watu wanarudi vichakani na kwenye makorongo, ambako mvua ya kwanza ya msimu unaofuata itasomba kila kitu hadi kwenye mchanga wa mto, ambamo wengine wanafukua visima vya kuteka maji ya kunywa. Magogo nayo hayapatikani kama zamani. Wazee wanaokumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, na agizo la mwaka 1979 la kuondoa mifugo katika maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka, wanajua kwamba uhaba wa miti mkoani humu haukuanza jana. Siku hizi gogo zuri la kuvukia shimo linanunuliwa, na bei yake inamfanya mtu aanze kufikiria zege.

Kikundi hiki kilinivutia kwa jambo moja lililofanyika kabla hata futi kamba haijatolewa mfukoni. Fundi mkuu, mtu mzima mwenye asili ya hukohuko, alipofika alimwamkia mama, akaomba kuonyeshwa uwanja, kisha akauliza, “Mama, mwaka ule wa maji mengi, yalifika wapi hapa?” Mama akampeleka mpaka kwenye mlango wa jiko la zamani, akainama na kuweka kiganja ukutani. “Yaliishia hapa, mwanangu. Sufuria zilielea.” Alama ya maji ilikuwa bado inaonekana, mstari wa udongo mweupe chini ya masizi. Fundi akavuta uzi kutoka alama ile hadi mahali choo kilipokusudiwa kukaa, akapima kwa mpira wa maji ili uzi uwe sawa, na usawa wa bamba la choo ukawekwa sentimita 30 juu ya mstari huo. Hesabu hiyo ilitoa msingi wenye kimo cha sentimita 70 kutoka ardhini. Nimeona vyoo vya kisasa vilivyojengwa kwa fedha nyingi zaidi, vikiwa na vigae, ambavyo sakafu yake iko sawa na uwanja kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenye nyumba swali hilo. Ninaliona swali lenyewe kuwa sehemu ya huduma, na ningelilipia hata kama lingetozwa peke yake.

Pete za zege zilikuwa nne, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita moja kwa ndani. Za chini zina matundu ya kuruhusu majimaji kunywea ardhini, ya juu haina tundu lolote ili maji ya uwanjani yasipate mlango wa kuingilia. Kazi hushuka hivi: pete ya kwanza inalazwa juu ya ardhi, fundi anaingia ndani yake na kuchimba chini ya kingo zake, nayo inashuka polepole kwa uzito wake, kisha inawekwa ya pili juu yake. Kwa njia hiyo mchimbaji hayuko kamwe ndani ya shimo lisilo na ukuta, jambo la maana sana katika udongo wa kichanga unaomeguka bila kutoa ishara. Maungio yalizibwa kwa saruji, na nje ya pete ya juu wakashindilia udongo wa kichuguu tabaka kwa tabaka, wakaupa mteremko, wakachimba na mtaro wa kuelekeza maji upande wa shamba.

Mvua zilipokuja kwa nguvu, uwanja wote wa nyumba ulikaa ndani ya maji. Choo kilisimama. Maji yalifika kwenye ngazi ya pili, hayakugusa bamba, na mtaro ulifanya kazi yake hata pale ulipokuwa umejaa magugu. Kwa majirani wawili ambao mashimo yao yalikuwa sawa na ardhi, kilichokuwa ndani kilipanda juu na kusambaa uwanjani, na watoto walikuwa wakipita humo bila viatu wakienda shule. Wakati wa mafuriko familia hizo zilitumia choo chetu, na bado hakikuleta shida. Nchi yetu ilikwishaona mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi, Dodoma ikiwamo, na kila anayekumbuka kipindi kile anajua kwamba kinyesi kinachoelea si suala la harufu tu. Kwa kazi ya msimu wa mvua, kwa upande wa maji yanayopita juu ya ardhi, kikundi kinastahili alama zote.

Kwa upande wa maji yaliyo chini ya ardhi siwezi kusema hivyo, na hapa ndipo penye upungufu mkubwa ambao mteja wa bondeni anapaswa kuujua. Pete nne zilishuka karibu mita mbili na nusu. Kiangazi, shimo la kina hicho lilikuwa kavu kabisa, na mafundi walichimba wakiwa wameridhika. Lakini mwezi wa pili usawa wa maji ya ardhini katika bonde lote ulipanda, na tulipomulika kwa tochi tuliona maji yamesimama katika pete za chini. Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa usafi wa mazingira ni kwamba sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa juu kabisa wa maji ya ardhini, na choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima. Umbali mafundi waliuzingatia, kina hawakukizingatia, kwa sababu walipima udongo wa mwezi wa kumi na wakaufanya kuwa udongo wa mwaka mzima. Matokeo yake ni kwamba kwa wiki kadhaa choo kisichomwaga kinyesi uwanjani kilikuwa kikikiloweka ndani ya maji yaleyale yanayolisha visima vifupi. Nyumbani kwetu maji ya kunywa hutoka kwenye bomba la mradi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na kisima kifupi ni cha bustani na ng'ombe. Familia inayokunywa maji ya kisima kifupi haitakuwa na kinga hiyo, wala sisi hatuna hakika kwamba bomba litatoka kila siku.

Suluhisho lipo na mafundi wenyewe wanaliweza: kuchimba kina kifupi, kupanua kipenyo, na kuongeza kimo cha msingi ili sehemu kubwa ya shimo iwe juu ya ardhi badala ya chini yake. Ingegharimu pete moja ya ziada na ngazi mbili zaidi. Nilipolizungumza na fundi mkuu alikubali bila ubishi, akasema wateja wengi huona shimo fupi ni kudhulumiwa, wanataka kina kirefu kwa fedha waliyotoa. Ninaamini maelezo yake, kwa sababu hata baba alisimama ukingoni akihimiza waendelee kushuka. Hata hivyo anayeuza utaalamu ndiye mwenye wajibu wa kumkatalia mteja panapohusu afya, na kama alivyouliza maji ya juu yalifika wapi, angeuliza pia kisima kilichopo uwanjani hujaa hadi usawa gani mwezi wa pili.

Kiangazi kilileta mambo mengine. Udongo wa mbuga, yaani mfinyanzi wa bondeni, hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kufikia mwezi wa nane ufa ulikuwa umetokea kuzunguka msingi, kati ya zege na udongo ulioshindiliwa, upana wa kidole gumba na kina ambacho kijiti cha mtoto hakikufika mwisho wake. Ufa huo ungeachwa, mvua ya kwanza ingeshuka nao moja kwa moja hadi kwenye maungio ya pete. Kikundi kilirudi kuuziba baada ya kupigiwa simu, wakajaza mchanganyiko wa kichanga na udongo wa kichuguu badala ya saruji, kwa hoja kwamba saruji ingepasuka tena. Hawakutoza ufundi, walitoza nauli tu. Mpaka mvua zilizofuata ulikuwa haujafunguka upya. Ningependa wamwambie kila mteja mapema kwamba kazi hiyo itahitajika kila mwaka, maana si kila mtu atapita nyuma ya choo kukagua.

Sasa nije kwenye sinki, ambalo ndilo wageni wote hulishangaa. Ni sinki jepesi la plastiki lenye kifuniko chini ya tundu, kilichowekewa uzito upande mmoja. Ukimimina maji kidogo, chini ya lita moja, kifuniko kinashuka, kinaachia, kisha kinarudi na kubakiza maji membamba juu yake yanayozuia harufu na inzi. Teknolojia hii ilibuniwa kwanza kwa mazingira ya Bangladesh, na huko watu hutawaza kwa maji. Kijijini kwetu, hasa kiangazi, si kila mtu anatawaza kwa maji. Wapo wanaotumia makaratasi ya daftari, majani, na magunzi ya mahindi. Gunzi halipiti kwenye tundu lile. Linakaa mdomoni, kifuniko kinabaki wazi, na faida yote ya sinki inakuwa imekwisha mpaka mtu achukue kijiti. Jambo la pili ni majivu. Tangu utotoni tulifundishwa kumwaga majivu chooni ili kupunguza harufu na inzi, na kwa choo cha tundu wazi ni desturi njema. Katika sinki hili majivu yanakutana na yale maji membamba, yanaganda kwenye bawaba ya kifuniko, na baada ya muda kifuniko hakirudi. Mama ndiye aliyegundua, akaacha kumwaga majivu, akawa analisugua sinki kwa brashi ya kufagilia na maji ya kufulia nguo. Tangu hapo linafanya kazi vizuri. Mafundi waliliweka, wakalijaribu kwa kopo moja la maji, wakaondoka; hakuna aliyekaa na watumiaji kuwaeleza lipi liingie na lipi lisiingie. Maelezo ya nusu saa yangetosha.

Kuhusu maji yenyewe, niruhusiwe kupiga hesabu, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama choo hiki kitabaki safi mwezi wa kumi. Nyumba ya watu sita, ikihesabiwa kila mtu kuingia mara tatu au nne kwa siku na kutumia lita moja kwa sinki na mikono pamoja, inahitaji takriban lita 20, yaani dumu moja kila siku, bila kuhesabu maji ya kutawaza. Miezi saba mikavu ni zaidi ya lita 4,000. Mafundi huuza pia mfereji wa bati wa kukinga maji kwenye paa la choo na pipa la lita 200, na wanauelezea kama jibu la ukame. Paa hilo lina mita za mraba zipatazo nne. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kwa mwaka mzuri wa milimita 550 paa lote litapokea lita 2,200, na sehemu yake itamwagika. Pipa nalo hujaa kwa mvua mbili na linatosha siku kumi. Nisingemshauri mtu kununua nyongeza hiyo. Fedha ileile ikitunzwa kuelekea simtanki kubwa na mfereji kwenye paa la nyumba kuu itazaa zaidi: bati la mita za mraba 30 hupokea zaidi ya lita 16,000 kwa mwaka uleule, na kikwazo kinabaki kuwa ukubwa wa tangi. Wenye nyumba za tembe, zenye paa la udongo, hawana njia hiyo, na kwao sinki la maji linahitaji kufikiriwa kwa makini kabla ya kununuliwa.

Maji yanapopungua, choo ndicho hukatiwa mgawo kwanza. Hakuna anayepanga iwe hivyo. Mama au binti aliyetembea na dumu kichwani ataanza na chakula, kisha ng'ombe na ndama, kisha kuoga, na kopo la kunawia mikono mlangoni pa choo litakuwa tupu bila mtu kuamua kulifanya tupu. Kikundi huuza ndoo yenye koki kwenye stendi ya chuma kwa kazi hiyo. Ni imara na inapendeza, lakini koki ikifunguliwa mtoto huiacha itiririke. Tuliishia kuirudisha ndani na kutundika kibuyu chirizi, lile dumu dogo la kamba na kanyagio la mti ambalo maofisa afya wamekuwa wakilifundisha vijijini kwa miaka mingi. Hutoa maji kidogo kidogo, halishikwi kwa mkono, na halina gharama. Kwa mazingira yenye ukame sioni sababu ya kununua ndoo ile.

Ubora wa kufungika kwa sinki una maana ya pekee katika mkoa huu kwa sababu ya ugonjwa wa macho uitwao trakoma. Wilaya ya Kongwa imekuwa sehemu ya utafiti wa ugonjwa huo tangu miaka ya 1980, na mengi ambayo dunia inayajua kuhusu nyuso za watoto kuoshwa na inzi kupungua yalijifunzwa huko. Inzi anayetua kwenye macho ya watoto hupenda kutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na ndiyo maana kila familia inayorudi vichakani baada ya choo kutitia inarudisha pia mazalia yake. Kiangazi hushambulia upande wa pili: maji ya kunawisha watoto uso yanakosekana wakati uleule. Tangu sinki lianze kutunzwa ipasavyo, inzi ndani ya choo ni wa kuhesabu. Bomba la hewa limewekewa wavu juu, ingawa ningeshauri wavu usiopata kutu, kwa kuwa wa kwanza ulitoboka mapema.

Ngazi ni tatizo kwa wazee. Msingi wa sentimita 70 uliletewa ngazi nne nyembamba bila mahali pa kushika, na bibi, ambaye magoti yake yamechoka, alianza kukwepa kunywa maji jioni ili asilazimike kuzipanda usiku. Tulipolalamika waliongeza bomba la chuma la kushikilia, kwa malipo. Huo si urembo wa kulipiwa pembeni. Choo kinachoinuliwa ni lazima kiwe na kishikio na ngazi pana tangu mwanzo, na panapowezekana mteremko kwa mtu mwenye ulemavu, la sivyo tunakuwa tumemwokoa mtu na mafuriko na kumnyima choo. Mlango, kwa upande mwingine, ni mzuri: una komeo la ndani lililo kwenye kimo ambacho mtoto anafikia, na pengo la juu linaingiza mwanga bila kumwonyesha aliyemo, kwa hiyo mabinti wanaweza kujihudumia wakati wa hedhi kwa faragha.

Gharama yote haikufika shilingi laki tisa, ambayo kwa bei ya mnadani ni mbuzi wanane au tisa. Ni fedha nyingi, na sijifanyi kwamba kila nyumba inaweza kuitoa. Kikundi hupokea malipo kwa awamu, na baadhi ya wanakijiji wamejenga kupitia VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, wakianza na pete na bamba mwaka huu, kuta mwaka ujao. Ninaona mpangilio huo ni wa busara, kwa kuwa sehemu inayookoa maisha wakati wa mvua ni ile iliyo chini. Wazee wetu walichimba vyoo kwa maelfu baada ya kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na miaka ya karibuni kampeni ya Nyumba ni Choo imesukuma kaya nyingi kuwa na choo bora. Lakini familia iliyochimba kwa kuitikia wito, kisha choo chake kikasombwa, mara nyingi huachwa ianze upya kwa fedha zake yenyewe. Halmashauri zinapotenga fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, barabara na mabwawa hutajwa kwanza. Ningependa kuona pete za zege zikitajwa humo, hata kama ni kwa vijiji vya bondeni tu.

Swali la mwisho ambalo kikundi hakikulijibu vizuri ni shimo likijaa itakuwaje. Mtu mmoja hujaza takriban lita 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa hiyo shimo letu, ukiacha nafasi ya juu, linaweza kutumika miaka mitano au sita kwa watu sita. Magari ya kunyonya majitaka ni ya mjini, na hata yangekubali kuja, barabara ya kijijini haipitiki masika. Njia inayofaa ni shimo pacha, yaani kujenga la pili pembeni kabla la kwanza halijajaa, na kuliacha lililojaa lipumzike kwa miaka miwili hivi kabla ya kulizoa. Bamba letu limefungwa kwa saruji juu ya msingi, na kulihamisha ni kulivunja. Mtu anayeagiza sasa aombe bamba liwe na kipande cha kufunulika na msingi uachiwe sehemu ya kuungia shimo la pili.

Pamoja na upungufu huo, ningewaita mafundi hawahawa tena, na majirani wale wawili wamekwisha kuwaita, mmoja wao akiwa ameomba shimo fupi na msingi mrefu zaidi. Kwa anayeishi bondeni, huduma hii inastahili kununuliwa iwapo kina cha shimo kitapangwa kwa kufuata maji ya mwezi wa pili na kishikio cha ngazi kitajumuishwa katika bei. Kwa anayeishi miinukoni, kama Mpwapwa au sehemu za juu za Kondoa, msingi wa kimo hicho unaweza usihitajike, na fedha hiyo iende kwenye tangi la maji. Oda ziwekwe kati ya mwezi wa sita na wa tisa, kwani pete zinahitaji kumwagiliwa maji wiki mbili au zaidi ndipo zikomae, na mwezi wa kumi na moja ukiingia mafundi hawachimbi tena bondeni.